Lori la Buluu la Fundi Muhanna

Ndugu Muhanna Humaidi, fundi mkuu wa karakana yetu ya malori hapa Tabora, anastaafu tarehe 30 Juni 1977 baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Aliajiriwa akiwa kijana, enzi za mkoloni, akitoka katika ukoo wa wenye maduka ambao walimcheka kwa kuacha mizani na kukimbilia grisi. Dukani hakurudi tena, ila kuchukua madebe matupu ya asali.

Madebe hayo ndiyo yaliyompa jina. Kila lori alilofungua injini yake alilitengeneza upya kwa bati, dogo la kukaa kiganjani, milango ikifunguka na magurudumu yakiwa yamechongwa kutoka soli za malapa. Gari asilowahi kulishika kwa mikono yake hakulitengeneza. Aliyapanga dirishani, na kwa kuwa bati lilibaki na harufu ya asali, nyuki walitusumbua msimu mzima. Tulinung'unika, lakini kila mgeni alitaka kwanza kuonyeshwa dirisha lile.

Moja, Bedford la buluu la safari za Nzega na Choma, lilikuwa la binti yake, Thuraya. Alilala nalo, na alipokuwa akiota meno alilitafuna gurudumu la mbele mpaka likabaki na alama. Surua ilimchukua mwaka 1966, hajatimiza hata miaka mitatu. Mama yake, Bi Zeyana, hakuweza kulitazama lori lile nyumbani, ndipo baba akalileta kazini na kuliweka dirishani, karibu na benchi lake.

Sabasaba ya mwaka 1968 walikuja wageni kutoka makao makuu. Ndugu Muhanna alikuwa njia ya Kigwa akifufua lori lililokwama. Aliporudi, dirisha lilikuwa tupu. Meneja wa wakati ule alikuwa ameyagawa magari yote kuwa zawadi, eti kwa niaba ya wafanyakazi. Fundi alipouliza, alijibiwa, "Ndugu, bati la karakana ni mali ya umma." Bati lilikuwa la madebe ya duka la kaka yake, na meneja mwenyewe alishaumwa na nyuki wa dirisha lile. Lile la buluu hatujui lilimwangukia nani. Inatuuma kuandika hivi kwenye jarida la sherehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tangu siku hiyo hakushika tena mkasi wa bati. Kazi aliifanya, tena kwa bidii. Malori ya kuhamishia watu vijiji vipya yalitoka mikononi mwake mazima na kurudi hoi, naye akayaponya tena. Cheti chake cha mfanyakazi bora cha mwaka 1972 bado kiko ofisini, maana hajaja kukichukua.

Januari mwaka huu kamati ya sherehe hii ilimwomba atengeneze gari moja la kumbukumbu, likae kwenye kabati la ofisi. Tulidhani atakataa. Kumbe akaenda dukani kwa kaka yake kuomba debe. Alifanyia kazi nyumbani, vidole vimesahau, miwani inateleza, bodi za kwanza akizitupa kwa hasira. Rangi ya buluu aliichanganya Bi Zeyana, kwa sababu yeye ndiye aliyeikumbuka sawasawa.

Limekamilika, na ni Bedford lile lile, mlango kwa mlango. Mwenzake mmoja alipomsifu, Ndugu Muhanna alipitisha kidole kwenye gurudumu la mbele, akasema taratibu, "Liko sawa, Jilala. Ila hili gurudumu ni zima."

Ndugu Muhanna, ahsante kwa miaka yako yote. Tunakuombea mapumziko ya amani, wewe na Bi Zeyana. Lori litakuwa mezani siku ya sherehe, na kamati imeshaambiwa kwamba kabatini haliingii. Wageni waalikwa wanaombwa kulitazama kwa macho tu. Safari hii linarudi nyumbani na mwenyewe.

Jilala Ngollo, benchi la umeme