Alama Tuliyoitoa Tukashindwa Kuifuta

Mgeni rasmi, Bi. Ndete, msimamizi wa utafutaji wa video katika kampuni yetu, karibu Komarock. Tuliambiwa utafika Jumatatu, tukafagia. Hukuja. Leo tumefagia tena, na kwa furaha ileile.

Tulikotoka

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa kumi na wawili: makarani, madereva na wauza nguo kutoka Majengo. Leo tuko arobaini. Mtu akiuliza swali mtandaoni kwa Kiswahili, sisi hutazama video zinazotokea na kuzipa alama, ili iliyo bora ije juu.

Shukrani

Asante kwa kazi. Asante kwa hedifoni, maana mwanzoni tulipima mahubiri bila kusikia neno. Zamani aliyeuliza namna ya kupika githeri aliletewa nyimbo. Sasa anaonyeshwa sufuria. Tunajivunia, wala hatuoni haya kusema.

Kosa letu

Mfumo unatupa sekunde tisini kwa kila video. Tukazoea kutazama mwanzo, kuruka katikati na kuchungulia mwisho. Picha ikiwa safi na kichwa kikilingana na swali, tano juu ya tano.

Mwezi Machi, njugu ilimkwama kooni mtoto wa Hibo, jirani ya mwenzetu Syombua. Hibo akapiga kelele: "Syombua, si kazi yenu ni video? Nitafutie moja haraka!" Ya kwanza ilisema atie kidole achokoe. Akachokoa, njugu ikazama zaidi. Mzee Wakoli, dereva mstaafu wa ambulensi, alimpokonya mtoto, akamlaza kifudifudi pajani, akampiga mgongoni hadi ikatoka. Mtoto ni mzima, alhamdulillahi.

Syombua aliitambua ile video. Sisi wenyewe tuliipa tano. Tuliona aibu, na bado tunaiona.

Maombi

Tunaomba muda wa kutazama video za afya hadi mwisho, na muuguzi wa kutuelekeza.

Tena, alama ikishatumwa haifutiki. Tumeandika mara nne, tukajibiwa "asante kwa maoni". Asubuhi hii tumetafuta, na video ile bado ni ya kwanza.

Bi. Ndete, tunajua wewe una ruhusa ya kuishusha. Kompyuta iko wazi mezani mbele yako. Tafadhali, ishushe kabla hujatuhutubia. Sisi tutangoja.

Mungu akujalie wewe na watoto wa nyumba yako.

Phares Matheka, kwa niaba ya Wapimaji wa Video, Komarock.