Kikombe cha Mzee wa Robo

Haya nayanakili kutoka kwenye daftari la kijiwe, na mwandiko ni wangu, hilo silikatai. Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu, ndiyo maana wenzangu wananiita Karani na wamenitwika daftari, kwa sababu kijiweni kwetu mtu anayosema leo, kesho anayakana mchana kweupe. Kila ubishi mkubwa unaandikwa, nani kasema na kasema nini, ili tukishikana mashati tuwe na ushahidi. Kijiwe chenyewe ni benchi refu lililoegemea ukuta wa kinyozi. Ng'ambo ya barabara ni geti la Chuo cha Mabadiliko ya Jamii, kijichuo cha vyumba vitatu na kibao cha kijani. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wana semina. Mada inaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa getini, semina inaanza saa tatu asubuhi, na saa sita kengele inalia.

Jumamosi hiyo, kwa mujibu wa daftari, tulikuwepo watu watano. Mimi. Methali, yaani kinyozi mwenyewe, ambaye hajawahi kuifikisha methali mahali pake. Dobi, anayefua vitu vya mtaa mzima. Kipimo, fundi cherehani, mtu wa kutaka ushahidi hata ukimwambia mvua inanyesha na yeye kalowa. Na Dada Birika, anayetuuzia kahawa.

Katikati ya benchi palikuwa na nafasi wazi, na kwenye nafasi hiyo kikombe. Daftari linasema nafasi ile ni ya mdogo wake Dada Birika, mchora mabango, tuliyemwita Mzee wa Robo kwa sababu alikunywa kahawa robo kikombe, kisha robo nyingine, ili isimpoee mkononi. Ndiye aliyechora kile kibao cha chuo. Siku alipokimaliza alikuja kukaa hapa na rangi mbichi vidoleni, akaacha doa la kijani ukingoni mwa kikombe, akaaga kwamba anakwenda kazi ya wiki moja. Sasa ni miaka miwili. Kila asubuhi dada yake anamimina robo na kuiweka hapo, na kila mchana anaimwaga.

Ubao wa getini siku hiyo ulisomeka: KUACHA KUNGOJA. Na safari hii kadi ya mwaliko wa semina alikuwa nayo Dada Birika.

METHALI: Hiyo kadi itie jikoni iwake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake, ukialikwa, kimbia.

KIPIMO: Maana yake si hiyo hata kidogo.

METHALI: Wewe ulikuwepo walipoisema?

KIPIMO: Semina ni semina, jamani. Watu wanakaa, wanaongea, wanapewa soda, wanarudi makwao. Mnaogopa nini?

Hapo nikaombwa nisome kurasa za nyuma, nikasoma. Miezi miwili kabla, mada ilikuwa FOLENI, na kadi alipewa yule mama mgomvi aliyetawala bomba la maji. Kengele ya saa sita ilipolia, watu walipanga mstari bombani, kimya, na mpaka leo wanapanga. Ukimuuliza yeyote, atakuambia ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Lakini ukurasa wa wiki moja kabla ya hapo unasema Methali alipigwa ndoo usoni kwenye vurugu za bomba hilohilo, na sote tulimpeleka kushonwa.

KIPIMO: Na hilo kovu la kwenye paji?

METHALI: Hili? Nimezaliwa nalo.

Mwezi uliofuata mada ilikuwa SAUTI, na kadi alipewa fundi redio. Daftari linalalamika kurasa kumi nzima kwamba spika zake zinatuzuia kusikilizana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka spika. Ukutani kwake, hata hivyo, misumari mikubwa minne ingalipo, na haijashika kitu.

METHALI: Basi ni soda. Wanatia dawa kwenye soda.

KIPIMO: Anakunywa mmoja, wanalewa mtaa mzima? Soda gani hiyo?

DOBI: Ngojeni niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema. Vitambaa vya viti vya chuo navifua mimi. Kila mwezi wananiletea arobaini. Mtu akikalia kitambaa kwa muda wa saa tatu, mimi najua. Kinakunjika, kinashika jasho, kinanuka mtu. Kila mwezi kinachokuwa kimekaliwa ni kimoja. Thelathini na tisa vinarudi kama nilivyovipiga pasi.

Kisha Kipimo, yeye mwenyewe mtu wa ushahidi, akauliza mbona makofi tunayasikia, tena makofi ya ukumbi mzima. Getini, kila Jumamosi ya semina, tumeona akiingia mtu mmoja tu, mwenye kadi.

DOBI: Mimi nadhani hao thelathini na tisa wanaopiga makofi ni sisi wa mtaa.

KIPIMO: Sisi tuko hapa.

DOBI: Ndiyo. Tuko hapa.

METHALI: Usinitishe, bwana. Mwezi uliopita, saa tano hivi, nilikuwa namnyoa mtu, viganja vikaanza kuniwasha. Vikaniwasha kama mtu aliyepiga makofi sana. Nikaweka mashine chini.

Nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba na mimi viganja viliniwasha siku hiyo, nikaona haya kusema.

Ndipo wote wakamgeukia Dada Birika. Methali akamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa mara ya kwanza methali yake ilikaa karibu na mahali pake. Dada Birika alikuwa anapangusa vikombe. Akapangusa vyote, akabakiza kile cha katikati.

DADA BIRIKA: Mmemaliza? Sasa nisikilizeni na mimi. Nyinyi mnaogopa kusahau. Mimi kukumbuka ndiko kunakonimaliza. Mtu akipiga mluzi nyuma yangu, nageuka. Nikiona mtu kabeba ngazi begani, nageuka. Miaka miwili shingo hii haijapumzika. Usiku mlango wangu sijaufunga kwa komeo hata siku moja, asije akagonga akaona namchelewesha. Nimechoka, ndugu zangu.

KIPIMO: Na akirudi je?

DADA BIRIKA: Akirudi si nyinyi mpo? Mtanikumbusha. Karani ataandika.

Nikaandika. Niliandika jina kamili la mdogo wake na jina la baba yao. Niliandika kwamba anatumia mkono wa kushoto, kwamba ana mwanya, kwamba anapiga mluzi akipanda ngazi. Kila mmoja akaapa mbele ya daftari kwamba hatasahau, Methali akaapa mara mbili. Dada Birika akamimina robo, akaiweka kwenye nafasi ile, akavuka barabara na kadi mkononi. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano.

Kuanzia hapo mistari ni michache. Saa nne: kimya. Saa tano: makofi. Saa tano na nusu: makofi tena, mengi. Dobi amekalia mikono yake.

Saa sita: kengele.

Mstari unaofuata, mwandiko uleule, kalamu ileile, ni ubishi kama paka akilala anaota ndoto. Umejaa ukurasa mzima. Methali alikuwa upande wa paka.

Haya yanayofuata nayakumbuka mwenyewe, sihitaji daftari. Dada Birika alirudi akicheka, akasema miguu inamuuma, akakaa katikati ya benchi palipokuwa wazi. Palikuwa na kikombe hapo chenye kahawa iliyopoa. Aliuliza nani kaacha uchafu huu, akamwaga, akakitia kwenye sinia pamoja na vingine. Uso wake ulikuwa mwepesi, niliufurahia. Nilidhani ni soda.

Haikupita nusu saa tukasikia mluzi. Alikuja mtu kabeba ngazi begani na ndoo ndogo ya rangi mkononi, mfuko mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Dada Birika hakugeuka. Yule mtu aliiegemeza ngazi ukutani, akasimama mbele yetu akitabasamu, akitutazama mmoja mmoja. Alikuwa na mwanya. Tulimjibu salamu yake vizuri, kama mgeni yeyote.

– Robo, dada, akasema.

– Robo hatuuzi, kaka yangu. Hapa ni kikombe kizima.

Akacheka, tena kicheko cha mtu aliyefika kwao. Alipoona hakuna anayecheka naye, akashusha macho kwenye sinia na kuonyesha kwa mkono wa kushoto.

– Kikombe hicho chenye doa la kijani ni cha nani?

Ni swali dogo, si swali la kumshinda mtu. Kipimo alimtazama Dobi, Dobi akanitazama mimi. Methali alifungua kinywa kutafuta methali, akakifunga. Dada Birika alikiinua kikombe, akalikwangua doa kwa ukucha wa dole gumba, halikutoka.

– Ni rangi tu imeganda, akasema. Hakina mwenyewe. Kichukue ukikitaka.

Yule mtu akainama, akamwita kwa jina. Halikuwa Dada Birika. Lilikuwa jina la nyumbani, ambalo hapa kijiweni hatulitumii. Dada Birika akaitika abee, kwa adabu, akangoja kusikia mgeni ana shida gani. Mgeni alikitazama kile kibao cha chuo ng'ambo kwa muda mrefu.

– Kumbe hasira zenu zimefika huku, akasema taratibu. Basi. Nimestahili.

Akachukua kikombe, akakitia mfukoni, akabeba ngazi yake. Akaondoka kwa njia aliyojia, safari hii bila mluzi. Methali akasema huyo ama kafananisha watu au kalala njaa, tukarudi kwa paka.

Ukurasa wa asubuhi nilikuja kuusoma Jumatatu, nilipokuwa natafuta nafasi ya kuandika. Niliusoma mara tatu. Jina nililoliandika, jina kamili na la baba yao, haliniambii kitu. Nalitazama kama jina la kwenye fomu ya mtu. Nikakimbia mpaka mwisho wa barabara kuuliza kama kuna aliyeona mtu mwenye ngazi. Wengi walimwona. Hakuna aliyejua alikoelekea.

Nikarudi, nikawasomea wenzangu wote, tangu mgeni njoo mwenyeji apone mpaka kiapo. Methali alikana kuapa. Kipimo alitaka kuuona mwandiko, akauona, akakaa chini. Dobi aliniambia polepole kwamba asubuhi ile ameletewa vitambaa arobaini, na kwamba kilichokunjika ni kimoja.

Dada Birika alisikiliza mpaka mwisho, kidevu mkononi. Nilipofika pale pa mlango usiofungwa kwa komeo, machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya khanga.

– Maskini, dada wa watu, akasema. Miaka miwili yote hiyo.

Akatumiminia vikombe vya mwisho, birika likakauka. Kisha akaniuliza kama mtu aliyenogewa na hadithi:

– Na huyo mdogo wake, Karani, mwishowe alirudi?