Yalikuwa Maji, Haikuwa Pombe: Maisha ya Marehemu Jerusha Muringo Wainaina, 1944–2013

Jerusha Muringo alizaliwa Machi 1944 huko Njabini, Kinangop, mtoto wa tatu wa marehemu Kihoro na marehemu Gathoni, waliokuwa vibarua katika shamba la mzungu. Alisoma mpaka darasa la nne, Hali ya Hatari ya mkoloni ikafunga shule, na hakurudi tena. Kusoma alijua, hesabu alijua zaidi, na hakumruhusu mtu yeyote amhurumie kwa hilo.

Mwaka 1966 aliolewa na Samuel Wainaina, dereva wa greda katika wizara ya barabara. Wainaina alipohamishiwa Lodwar mwaka 1978, watu wa kwao walilia kama wanaozika. Jerusha alifunga mizigo akauliza, "Huko kuna watu? Basi kuna biashara." Walijaliwa watoto wawili, Morgan na Helen. Wainaina alifariki mwaka 1999 na amelala hapa hapa Kakuma, tulipokusanyika.

Tangu mwaka 1993, walipohamia hapa Kakuma, marehemu alinunua ngozi za mbuzi Lopur na kuziuza kwa wenye malori yanayoteremka kutoka Lokichoggio. Hakuwa mtu wa kelele. Alitaja bei yake mara moja, akageuka, akaondoka kwa hatua ndefu bila kutazama nyuma. Muuzaji alimwita kabla hajafika barabarani. Mzee Lomunokol wa Lopur, aliyemuuzia ngozi miaka mingi, husema mama huyu alimshusha bei kwa kumwonyesha mgongo tu.

Ni Lomunokol huyo aliyeona ugonjwa kwanza. Mei 2012 walitajiana bei, wakakosana kama kawaida, na marehemu akabaki pale pale amesimama.

"Ejok, mama," mzee akamsalimu kwa Kiturkana. "Leo huondoki?"

"Niondoke vipi? Miguu imekataa."

Wakacheka wote wawili. Halikuwa jambo la kucheka. Nyayo zilikuwa zimegandia chini. Alienda kwa vihatua vifupi, miguu imetanuka kama ya mtu anayevuka matope, na kugeuka kulikuwa kazi nzima. Baadaye mkojo ulianza kumponyoka, na sufuria akazisahau motoni. Kliniki aliyoiendea kwanza walimwambia ni uzee, wakampa dawa za maumivu.

Yanayofuata familia haitayafunika. Jerusha alikuwa shemasi wa kanisa hili kwa miaka kumi na saba. Jumapili moja ya Oktoba 2012 alijikwaa akiwa amebeba trei ya Meza ya Bwana, vikombe vikamwagika. Kinamama wa benchi lake, wale wale aliowapikia katika misiba yao, waliziba pua wakasogea. Mzee wa kanisa Cornelius akasema mbele ya watu wote, "Mama Morgan, umelewa."

"Sijaonja pombe tangu nizaliwe. Ni miguu."

"Miguu haijui kudanganya, mama."

Hakuna aliyemkaribia hata anuse kinywa chake. Ushahidi wote ulikuwa kwamba ua wake umepakana na wa muuza pombe ya busaa. Jumapili iliyofuata jina lake lilisomwa kwa sauti kuwa ametengwa, akahamishiwa benchi la mlangoni. Kila wiki waliompita pale walikunja sketi zao zisimguse. Hicho kilikuwa kinyaa, hakina jina jingine.

Aliyemshika mkono ni Nyagoa, mama wa Sudan Kusini anayeuza nguo katika kambi ya wakimbizi, na hata si wa kanisa hili. "Hii watu yako ya kanisa, macho iko wapi?" alimwambia Helen. "Mama iko mgonjwa. Beba yeye Lodwar."

Februari 2013 wakambeba. Daktari Sally, bingwa wa ubongo, alikuwa amekuja Lodwar kwa kliniki ya siku chache. Hakuanza na dawa. Alisema, "Mama, tembea nikuone." Ainuke kitini, aende mpaka mlangoni, ageuke, arudi, aketi. Daktari alishika saa, macho yakabaki kwenye miguu. Kisha akamwambia Helen, "Mlevi huyumba mwili mzima. Mama huyu mwili umetulia, nyayo ndizo zimenasa. Nashuku maji yamejaa kichwani."

Picha ya kichwa iliyopigwa Eldoret ilionyesha maji hayo. Daktari hakutosheka, kwa sababu kichwa cha mtu mzima huweza kuonyesha hivyo kwa ugonjwa mwingine pia. Alisema atapunguza maji kidogo kwa sindano ya mgongoni, kisha atazame mwendo tena. Mwendo ukibadilika, basi kuna cha kutibu. Siku ya sindano, mwezi wa Aprili, Morgan alimchukua Mzee Cornelius kutoka Kakuma kwa gari lake, akamkalisha kwenye korido ya hospitali ya Eldoret ajionee mwenyewe.

Baada ya sindano na mapumziko, Jerusha aliinuka kwenye korido ile bila kushikwa. Alienda mpaka mlangoni, akageuka bila kushika ukuta, akarudi, akasimama mbele ya mzee.

"Na leo nimelewa pombe gani, Cornelius?"

"Nimeona, mama. Nimeona. Lakini utaratibu ni utaratibu. Kurudishwa ni kazi ya kikao, na kikao kinakaa Julai."

"Maji yatarudi kabla ya Julai."

Yalirudi wiki ile ile, kama daktari alivyosema. Dawa yake ilikuwa upasuaji wa kuweka mpira mwembamba wa kuteremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni, na Eldoret walimpa nafasi katikati ya Mei. Marehemu alikataa. "Sipasuliwi kichwa nikiwa nimetengwa. Nikifia mezani, nitazikwa kama mlevi." Helen alilia, Morgan akafoka. Familia iliwaendea wazee mara mbili kuomba wakae mapema. Wazee waliagiza chai, wakanywa, wakasema Julai.

Jumapili tarehe 2 Juni 2013, akijiandaa kwenda kanisani, miguu yake ilinasa kwenye kizingiti. Alianguka, akagonga kichwa, na akafariki njiani kupelekwa Lodwar.

Ameacha watoto wake Morgan na Helen, mkwewe Ayuen, wajukuu watano, ndugu zake wa Njabini, na Nyagoa, ambaye familia inamhesabu binti.

Juzi wazee walikuja kusema marehemu amerudishwa kundini, na wakaomba jambo hilo limalizwe kimya kimya kwa heshima ya msiba. Tulikataa. Jina lilichafuliwa kwa sauti, litasafishwa kwa sauti. Walitaka kuongoza maziko yake, nasi tukawapa sharti hilo moja, wakalikubali.

Kwa hiyo sasa Mzee Cornelius atasimama, atasema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba Jerusha Muringo hakuwa mlevi. Akishasema, tutaomba sote apumzike kwa amani. Si kabla.