Kabati Lililokataa Kutoka Mlangoni

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa, kabla hatujawasomea historia ya mpendwa wetu, tunaomba kila mmoja afumbe macho kidogo aione sebule ya zamani, ile ya wakati kochi lilipovaa vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, televisheni yenye chogo ikafunikwa kama bibi harusi, maua ya plastiki yakafutwa vumbi kila Jumamosi, na ukuta mzima, kutoka kona hadi kona, ukashikwa na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo mtoto akivigusa anaulizwa kama yeye ni mgeni. Kama mmeiona sebule hiyo, basi mmeshamwona marehemu, maana makabati ya namna hiyo, katika mitaa yetu hii, mengi yametoka mikononi mwake, ndiyo maana wakubwa kwa wadogo tulimwita Fundi Makabati.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na dada zake walioko hapa wanakumbuka alivyowatengenezea wanasesere wao makabati kwa maboksi ya kiberiti, makabati yenye milango iliyofunguka kweli, na dada aliyefungua kwa pupa alinyang'anywa.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, akamaliza mwaka 1964, na darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila mwalimu wake wa hesabu alipomkuta akichonga dawati kwa kisu, badala ya kumchapa alimpa adhabu ya kukaza madawati yote yaliyolegea, adhabu aliyoifurahia mno, hata wenzake wakawa wanayalegeza mengine kwa makusudi ili asikae bure.

Mwaka 1965 alikwenda kujifunza useremala kwa mjomba wake, mzee mkali lakini mwenye subira, ambaye kwa mwaka mzima hakumruhusu kushika msumari, akisema mbao zikipatana hazihitaji kupigiliwa, na hapo ndipo alipojifunza kuunga mbao kwa ndimi, ulimi wa ubao mmoja ukiingia katika tundu la mwingine, na kuzikaza kwa kabari, jambo ambalo tunawaomba mliweke akilini, kwa kuwa tutalirudia. Mwezi Mei 1972 alifungua karakana yake nyuma ya posta, akianza na stuli na vitanda, mpaka televisheni zilipoingia mitaani na kila nyumba ikataka kabati la ukuta, lenye tundu kubwa katikati la kuwekea televisheni, na wapo waliotengenezewa tundu miaka mitatu kabla ya kununua televisheni yenyewe, wakaweka humo chombo cha maua ili wageni wasiulize.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, mfumaji wa vitambaa, na kazi zao zikaoana kama wao, yeye akijenga na mama akifunika, japokuwa alilalamika maisha yake yote kwamba anapiga randa wiki nzima ili mbao ing'ae, halafu mkewe anakuja kuivika nguo, naye mama alimjibu kila mara, "Ing'ae kwa adabu, baba." Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza, binti, mwaka 1977, ambaye ni muuguzi, wa pili, wa kiume, mwaka 1980, ambaye ni dereva wa lori, na kitinda mimba, binti, mwaka 1986, ambaye ni mpambaji wa nyumba.

Historia hii haitakamilika bila kisa cha mwaka 1984, mnachokijua wengi wenu kwa kuwa mmekicheka. Mvua za mwaka ule zilivujisha karakana, marehemu akahamishia sebuleni kwake kazi ya kabati la mfanyabiashara mmoja wa vipuri, akalijenga humo wiki kadhaa, kubwa, zuri, la mbao ngumu, na siku mwenye mali alipofika na wabebaji, kabati likagoma mlangoni, wakalijaribu wima, wakalijaribu ubavu, mbebaji mmoja akauliza kama nyumba ilijengwa kuzunguka kabati, na mama akacheka mpaka akakaa chini. Marehemu alimwomba radhi mteja, akamtengenezea lingine karakanani, na lile likabaki, likaitwa mwali aliyekataa kuolewa, televisheni yetu ndogo ikikaa ndani ya tundu lake kama punje ya hindi ndani ya debe, na kwa miaka mingi kila seremala wa mtaa alipoanza kazi alipewa wosia uleule, "Pima mlango kwanza, usije ukawa Fundi Makabati," naye alicheka pamoja nao.

Kisha zama zikageuka, kama zinavyogeuka bila kumuuliza mtu, televisheni zikawa nyembamba zikatundikwa ukutani, vitambaa vikaitwa vya kibibi, vijana wakataka kuta tupu zenye rangi ya majivu, na makabati yakaanza kukatwa vipande na kugeuzwa mabanda ya kuku. Kitinda mimba alipoanza kazi ya upambaji mwaka 2011, jambo la kwanza alilowashauri wateja wake lilikuwa kutoa kabati la ukuta, na watu walimtania marehemu kwamba mwanawe anakula kwa kubomoa yale ambayo baba alikula kwa kuyajenga, akajibu kwamba bora kinacholiwa kiliwe nyumbani mwake, ingawa sisi tuliokaa naye tuliona kuwa siku hizo alikuwa akipita njia ndefu ili asiyaone mabanda yale ya kuku.

Tarehe 3 Agosti 2021 marehemu alipata kiharusi kilicholegeza upande wake wa kulia, na aliporudi kutoka hospitali, kitanda chake cha mgonjwa hakikuenea chumbani, ilibidi kiwekwe sebuleni, na sebuleni nafasi yote ilikuwa ya kabati. Kikao cha familia kilikubaliana likatwe, kitinda mimba akapewa kazi hiyo kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaja na msumeno, akatoa vikombe kimoja kimoja, baba yake akimtazama kutoka kitini, mpaka meno ya msumeno yalipogusa mbao, ndipo akanyanyua mkono wake mzima, akamwonyesha nyuma ya nguzo ya kwanza, akamwambia agonge pale, taratibu, kutoka chini.

Kabari ikatoka, ikafuata ya pili, na ya tatu, na kabla ya saa ya chakula cha mchana kabati lote lilikuwa limelala sakafuni mbao kwa mbao, halina msumari hata mmoja, na kila ubao ungepita mlangoni ukibebwa na mtoto. Binti akamuuliza baba yake kwa nini basi, siku ile ya mvua, hakugonga kabari mbele ya mteja na wabebaji, akaepuka kichekesho cha miaka yote hii, na marehemu, kwa ulimi uliokuwa bado mzito, akasema, "Mama yenu alikuwa ameshaliwekea kitambaa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Siku hiyohiyo binti alilisimamisha tena kabati, akiziacha kando mbavu zake mbili za pembeni, na sehemu ya katikati ikakaa kichwani pa kitanda, tundu la televisheni likashika dawa, redio na taa, na vikombe vya wageni havikurudi nyuma ya kioo, marehemu alinywea uji na chai humo mpaka alipotutoka kwa utulivu, asubuhi ya tarehe 19 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomgeuza kitandani tulipochoka, na mafundi wenzake mliofunga karakana zenu leo ili kumsindikiza, na vikombe mlivyoshika mikononi sasa hivi ni vilevile, vinyweeni bila woga, ninyi ndio wageni waliokuwa wakisubiriwa. Lala salama, Fundi wetu, ukalale pasipo na mlango wa kupima.

Nasi tunawaomba mkumbuke jambo moja tu, kwamba mkifika nyumbani mkakuta kitu kilichopitwa na wakati, kabla hamjakitoa, ulizeni taratibu kiliwekwa pale kwa ajili ya nani.