Nungunungu Aliyepanda Maharage Shimoni

Wanajumuiya wenzangu, wazee wangu shikamooni. Sauti hii watoto wenu wanaijua kuliko sura yangu. Mimi ndiye mama nungunungu wa kwenye katuni za simu. Leo nimesimama kuwaeleza jinsi nilivyokaribia kuinyamazisha kabisa.

Tuko wanne pale Mbinga mjini. Wenzangu watatu wanachora wanyama kwenye kompyuta, mimi natunga hadithi na kuwasemea. Nungunungu wetu anaishi mlimani na wanawe, na kila kipindi wanajifunza kazi moja. Basi nikasema safari hii alime ngoro, haya mashimo yetu ya Umatengo. Mchoraji mmoja, si mtu wa huku, akaniuliza, "Dada, unazijua vizuri?"

Nikamjibu, "Unaniuliza mimi, mtoto wa kijiji cha Mapera, kwenye ngoro zenyewe?"

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikuwahi kulima ngoro hata moja. Siku za kulima mimi nilikuwa naumwa tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa linaujua msimu. Ngoro nilizitazama kutoka barabarani kama mgeni.

Kwa hiyo nungunungu wangu akachimba mashimo kwanza, akatupia majani humo ndani, akapanda maharage shimoni huku akiimba. Wimbo ulikuwa mzuri kwelikweli.

Mnacheka. Na watazamaji walicheka. Maoni yakamiminika. Mmoja aliandika, "Hayo maharage yanajua kuogelea?" Mwingine, "Kwani tangu lini nungunungu akalima? Si ndiye anayetumalizia mihogo?" Hayo hata mimi niliyacheka. Lakini baada ya siku chache, baba mmoja wa Kingerikiti akaandika: "Mwanangu kachukua mbegu za mama yake, kazipanda kama huyo mnyama wako. Mvua imenyesha, zote zimeoza. Usiwafundishe watoto usichokijua."

Nikaizima simu.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa bibi mmoja wa Mkumbi. Ulianza hivi: "Wewe nungunungu, nani alikuzaa? Kwenu hawakukufundisha?" Nikaukata hapohapo. Ilikuwa kama marehemu mama yangu ndiye ananiuliza. Nililia sana.

Nikakifuta kile kipindi. Nikawaambia wenzangu natoka, watafute sauti nyingine. Humu jumuiyani mliniletea uji mkidhani ni malaria. Haikuwa malaria, mnisamehe, ilikuwa aibu. Uji lakini niliunywa.

Wiki tatu zikapita. Binti yangu wa miaka saba kila siku ananiuliza nungunungu atarudi lini, nami nazungumzia mengine. Jumapili moja nikiwa nakanda unga, akachukua simu yangu akaufungua ule ujumbe wa bibi. Mikono yangu yote unga, siwezi kumnyang'anya. Nikausikia mpaka mwisho. Bibi alinisema vya kutosha, kisha akavuta pumzi: "Basi njoo nikuonyeshe. Majani yameshakauka. Uje na jembe. Wajukuu zangu wanakupenda, ndiyo maana nimekasirika."

Kesho yake nikaenda Mkumbi na jembe la kuazima, nikiulizia njiani. Nilifika nikasimama ukingoni mwa shamba. Shamba lote lilikuwa limeshalimwa, maharage yamechipua. Ila safu moja mtelemkoni haikuguswa, majani bado yamelazwa miraba miraba.

Nikapiga magoti. "Shikamoo bibi. Mimi ndiye nungunungu."

"Marahaba. Umechelewa. Hiyo pale ni yako."

Hakunionea huruma. "Majani yanalazwa kwanza, unaona? Chimba katikati, udongo ufunike majani. Mbegu zinakaa juu kwenye tuta. Shimo ni la maji." Nilipokosea alinirudisha mwanzo. Viganja vilitoka malengelenge, lakini siku hiyo tumbo halikuuma.

Tukatengeneza kipindi upya. Safari hii nungunungu anakosea kama nilivyokosea, mvua inamharibia mbegu, naye anakwenda kwa bibi kobe kuomba afundishwe. Kabla hatujakitoa nilimwomba radhi yule baba wa Kingerikiti, nikamtumia akitazame. Akajibu, "Hapo sawa. Mwanangu anasema sasa nungunungu anajua."

Nawashukuru wenzangu watatu, ambao hawakutafuta sauti nyingine hata siku moja. Nawashukuru ninyi kwa uji, na wote walioniandikia, wenye upole na wenye ukali. Na ninalowaachia ni hili: mtu akikusema, usimkate katikati. Msikilize mpaka mwisho, halafu nenda ukajifunze, hata kama umechelewa.

Yule bibi nilimpelekea kipindi kipya mwenyewe. Akakitazama mara mbili, nami nimekaa pembeni nasubiri sifa. Akanirudishia simu. "Mashimo yamekaa vizuri," akasema. "Ila safu yako imeota magugu. Unakuja lini kupalilia?"

Naenda kesho asubuhi. Jembe la watu nimesharudisha, nimenunua langu.