Fundo la Watu wa Ziwani

Ndugu zangu, mama zangu, mzee wa kanisa ameniomba niseme kwa kifupi. Nitajitahidi, ila ubaya wenyewe haukuwa mfupi. Wengi hapa Kitaji mnanijua kwa baiskeli. Leo nataka mnijue na kwa wivu wangu, maana ndio ulionifanya niwe mtu wa kushuhudia.

Nilikuja Musoma kutoka rasini, kule ziwani kwetu ambako mtoto anajua kushona nyavu kabla ya kujua kusoma. Nilikuwa na baiskeli ya marehemu baba, basi. Kazi ya ofisini sikupata. Nikaona pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, akina mama wanasimamaga na vifurushi, wanauliza kila mtu, "Unaenda Bunda? Unapita Butiama?" Nikasema, mimi nitapita.

Kupata wateja haikuwa rahisi. Nilisimama kwenye mlango huu huu wa kanisa baada ya ibada, nikasimama kwenye geti la hospitali, nikawa nasema nachukua mizigo, watu wananiangalia viatu. Wa kwanza kuniamini alikuwa mke wa mwalimu mmoja, alimtumia mumewe shati Bunda. Lilipofika salama, akamwambia jirani yake, na jirani akamwambia dada yake. Hivyo hivyo mpaka keria ikajaa.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Wengi hawakuandika. Anayetuma anafunga kifurushi mwenyewe, kwa kitambaa chake na kamba ya katani, kwa fundo lake. Halafu anakutajia vilivyomo, na wewe ukifika unavitaja vilevile mbele ya mwenyewe. Mwenyewe anaangalia fundo kwanza, kisha ndio anafungua. Sisi wabebaji hatugusi kamba. Hata ikilegea, unarudi nayo hivyo hivyo kwa aliyeifunga.

Watu walipohamia vijiji vya ujamaa, kazi ikaongezeka. Mama yuko huku, binti kaolewa kule, nyumba ya zamani imebaki majivu ya jiko. Mimi ndiye niliyejua nani kahamia wapi. Nawaambia ukweli, nilijiona mkubwa.

Ndipo akaja mwenzangu, mtu wa Manyamanyama, upande wa Bunda, wa kwenye familia ya ng'ombe na pamba. Baiskeli yake haikuwa hata na kengele. Nikasema moyoni, huyu atachoka. Hakuchoka. Kumbe alikuwa na jambo moja ambalo mimi sikuwa nalo: akifika kwa mtu, anakaa. Anakunywa uji, anauliza ndama aliyekuwa anaumwa anaendeleaje, anabeba salamu na kurudisha majibu. Mimi nilikuwaga natua mzigo, nataja vilivyomo, naondoka.

Wateja wangu wakaanza kuhama. Mmoja, wa pili, halafu mke wa mwalimu, yule wa kwanza kabisa. Niliona kitambaa chake cha maua kwenye keria ya mwenzangu, nikashindwa kula siku hiyo. Akina mama, mnacheka, lakini ni kweli. Nilijua vitambaa vyote vya wateja wangu, na nilikuwa navihesabu kwenye keria ya mtu mwingine. Akipata pancha, nafurahi. Akipiga mluzi, nakasirika. Mke wangu akaniuliza, "Baba nanihii, huyo mtu amekukosea nini?" Nikamwambia, "Amekuja."

Siku moja tulikutana kwenye njia panda ya kwenda Butiama, penye duka. Mwenzangu alikuwa anatetemeka homa. Akaniambia, "Ndugu yangu, niangalizie mzigo, naenda hapo zahanati kuomba vidonge." Akaegesha baiskeli, akaenda anayumba.

Nilikaa na ile keria kama mtu aliyefungiwa na nyoka chumbani. Juu kabisa kulikuwa na kifurushi cha binti mmoja wa Bweri, anamtumia mama yake mzazi kijijini, upande wa Butiama. Huyo bibi alikuwa mteja wangu zamani. Nikafungua kamba. Ndani mlikuwa na kitenge, kipande cha sabuni, na sukari. Nikatoa sukari. Sikuihitaji, ndugu zangu. Niliimwaga kwenye nyasi nyuma ya duka, wakati ule ambao mtu anapanga foleni ya sukari asubuhi nzima na anaondoka mikono mitupu. Nilichotaka ni huyu mtu aitwe mwizi. Nikafunga harakaharaka, nikarudi mahali pangu. Alipotoka zahanati akanishika mkono, akanishukuru kwa kumlindia mzigo.

Akafika kwa bibi. Akataja kama ilivyo desturi: kitenge, sabuni, sukari. Bibi akaangalia fundo, akasema mbele ya majirani, "Hili si la mwanangu." Wakakata kamba, sukari hakuna. Kesho yake mwenzangu akasimamishwa mbele ya balozi wa nyumba kumi. Mimi nilikuwa nimefika na mzigo mwingine, nikasimama nyuma ya watu. Alikana, akaapa, akaulizwa kama kuna mtu mwingine aliyegusa keria yake. Akasema, "Nilimwachia ndugu yangu pale njia panda, lakini huyo hawezi." Watu wote wakanigeukia. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu mwema.

Akapita nyumba kwa nyumba kujitetea, peke yake. Hawakumsikiliza. Akaegesha baiskeli, akarudi kwenye pamba. Wateja wote wakarudi kwangu. Mnadhani nilipona? Kila nyumba niliyoingia walikuwa wanasema, "Ila yule mwenzako alikuwaga anakaa." Nilimwonea wivu hata alipokuwa hana kitu.

Baada ya muda, yule bibi akaniita nikachukue karanga za kumpelekea binti yake. Nilipofika akaniambia, "Mjukuu wangu, leo mikono inauma. Nifungie." Hiyo haikuwa kawaida, lakini ni mtu mzima, nikafunga. Akaangalia. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kamba ya siku ile, kilichokatwa huku na huku, fundo likiwa zima katikati. Akakiweka kando ya fundo langu.

Yalikuwa sawasawa. Fundo la watu wa ziwani, la kushonea nyavu, tunalofunga bila kuangalia.

Akasema taratibu, "Siku ile nilisema fundo si la mwanangu, nikanyamaza hapo, wakamhukumu mtu. Baadaye nikawaza, mwizi gani anataja alichoiba? Nikamwita yeye kwanza, nikamwambia anifungie. Anafunga kama wanavyofunga ndama. Wewe ni wa nne kunifungia." Nilipiga magoti. Akanizuia. "Mimi sitasema kwa mtu. Utasema wewe." Akanikabidhi kile kipande.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka Manyamanyama. Nilimkuta anapalilia. Nikamweleza yote, nikampa kile kipande cha kamba. Alikigeuza muda mrefu. Nikamwambia nitapita kila nyumba aliyoaibishwa, na nikamwomba twende wote. Akasema, "Hapana. Nenda peke yako. Mimi nilipita peke yangu."

Nikapita. Bweri, Butiama, Bunda, kila mlango, na mbele ya balozi pia. Wengine walinifukuza. Mke wa mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Mwenzangu akarudi kwenye baiskeli, wateja wakarudi kwake, na ilikuwa haki. Miezi mingi nilibeba furu tu, wale samaki wadogo wa kukausha, maana samaki hawana fundo.

Namshukuru bibi yule, ambaye hakunitangaza. Namshukuru mke wangu, alivumilia mume mwenye uso wa aibu. Nawashukuru ninyi mlionipa kifurushi kimoja, halafu cha pili. Na kama kuna mtu humu anahesabu vitambaa kwenye keria ya mwenzake, namwomba aseme mapema, kabla mikono haijapata kazi. Sisemi kwamba wivu umeniisha. Juzi mwenzangu amefunga kengele mpya, na mimi nahesabu kila inapolia.

Sasa tunagawana njia, yeye upande wa Bunda, mimi upande wa ziwani, tunabadilishana mizigo pale pale njia panda. Alhamisi homa ilimrudia. Aliegesha baiskeli mbele yangu, keria imejaa, akaenda zahanati. Nilikaa nimeweka mikono mapajani mpaka aliporudi. Aliporudi alikagua mafundo yote, moja baada ya jingine, mimi nikiwa namwangalia. Halafu akanishika mkono, akanishukuru kwa kumlindia mzigo.