Noeleen Tregear na Vyuma vya Kilo Mbili

Bi. Noeleen Tregear anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha mazoezi katika ukumbi wa mji wetu.

Alianza mwaka ambao ghala la zamani la sufu liligeuzwa ukumbi. Mlango mzito wa chuma, ule wa kuvutwa kando, uliachwa vilevile. Kila siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri, aliufungua yeye kwa mkono mmoja.

Wanafunzi wake wengi ni wakata manyoya ya kondoo, watu wanaoinama kutwa hadi mabega yakaelekea mbele. Aliwaanzishia wote zoezi la nyuma ya bega: inama kiunoni, nyoosha mgongo, legeza viwiko kidogo, inua vyuma kando kama ndege anayekunjua mabawa, kisha shusha polepole huku ukihesabu. Kilo mbili, basi.

Barry Hutchins, aliyezoea kubeba kondoo dume, alikataa. "Mwalimu, hivi ni vya kuchezea watoto!" Akapewa vya kilo kumi. Alirusha kiwiliwili kizima, mikono haikupanda. "Umeinua makalio, Barry. Bega bado limelala," aliambiwa. Alirudi kwenye kilo mbili, na leo, akiwa na miaka hamsini na tisa, bado anakata manyoya.

Novemba iliyopita Bi. Noeleen aliteleza bafuni akaumia bega la kulia. Mlango ukamshinda. Kamati ya ukumbi ilimshauri astaafu mapema. Alijibu kwamba ataondoka siku yake, akiwa ameufungua mlango mwenyewe. Alianza zoezi lile lile na kopo la maharagwe badala ya chuma, mbele ya wanafunzi wale wale. Hawakumwonea huruma. "Usirushe mwili, mwalimu!" "Polepole, hakuna basi unalokimbilia!" Hata hivyo, kila alfajiri alimkuta Barry amekwisha kuufungua mlango, akidai kwamba amekosa usingizi tu.

Jumatatu hii aliamuru mimi na Barry tukae garini. Aliushika mpini, akavuta. Mlango ukakwama katikati. Nilitaka kushuka, Barry akanishika koti. "Mwache, mzee. Bado anahesabu." Akavuta tena, polepole, mgongo umenyooka, nao ukafunguka hadi mwisho.

Bi. Noeleen, mji huu unakushukuru kwa mabega yake. Uishi vyema, na kwa afya. Kuanzia Jumatatu ijayo, mlango tutaufungua sisi, kwa mkono mmoja, bila kurusha mwili.